Jina la Baba kwa Mjusi wa Burnsville

Burnsville, Minnesota
12 Juni 2016

Dadangu Dinah,

Nakusalimu wewe, shemeji, na wote walio chini ya paa lako, pamoja na yule mgeni mchanga ambaye bado hamjampa jina. Magoti yako yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilikufaa, ama umewagawia majirani kama ile ya kwanza? Sisi huku ni wazima. Theluji iliisha, mbu wakaingia, na watu wa huku wanazunguka na kaptula utadhani wamefunguliwa jela.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Nimeandika kwa sababu simu yako, dada, huwa unaiweka sauti ya juu sebule nzima isikie, na haya yanahitaji masikio yako peke yako kwanza. Mama mmoja wa kanisa letu anasafiri Jumatano kuja Vihiga, ndiye atakayekuletea. Nimeifunga kwa gundi na utepe juu yake, kwa hivyo ukiikuta imefunguliwa unajua wa kuuliza.

Ujumbe wako wa sauti niliupata, ule wa dakika kumi na moja. Nimeusikiliza mara tatu. Ulisema mtoto wa binti yako ana wiki tano sasa, analia kutwa, anakataa ziwa, na kwamba nyote mlikuwa mmekubaliana aitwe Solomon, jina la baba. Ukasema wazee wamekataa jina hilo kuguswa, kwa sababu tayari limepewa mnyama huku Amerika, na mtoto hawezi kugawana jina na mnyama. Ukasema aliyelitupa jina la babu yake kwa mnyama ni Susan wangu, mtoto asiye na adabu, aliyeharibiwa na Wazungu, na kwamba tukija Desemba asikanyage boma kabla ya kupiga magoti kaburini na kuomba radhi watu wakiona. Nimekusikia. Sasa na mimi unisikilize, na nianze na huyo mnyama mwenyewe, maana naona mnamwogopa bure.

Kwa Kiingereza wanamwita joka lenye ndevu. Najua mlipolisikia hilo neno joka mlikimbilia kitabu cha Ufunuo, na nimesikia kwamba pasta wenu alilihubiri Jumapili mbili. Joka gani, Dinah? Ni mjusi. Urefu wake ni kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, rangi yake ya udongo mkavu, na chini ya kidevu ana vijimiiba laini ambavyo huvimba na kuwa vyeusi akikasirika. Hizo ndizo ndevu. Hana sumu wala hana kazi. Sisemi kwa ubaya, lakini nimeishi na watu wavivu, shemeji yako Elkanah akiwa mmoja wao, na sijaona kiumbe anayeweza kukaa juu ya jiwe saa sita nzima akitazama ukuta na bado akaonekana amechoka.

Elkanah ndiye aliyemleta, Novemba, Susan alipotimiza miaka kumi na moja. Mtoto alikuwa ameomba mbwa. Sheria za hizi nyumba za kupanga zinakataza mbwa na paka, lakini aliyeziandika alisahau mijusi, kwa hivyo shemeji yako akajiona wakili. Aliingia mlangoni akiwa amekumbatia sanduku la kioo refu kuliko kile kitanda tulicholala mimi na wewe tukiwa wadogo, akaliweka sebuleni mahali pa kabati langu la vyombo, akasema mnyama huyu hana shida yoyote. Tangu siku hiyo hajamkatia hata jani moja.

Hana shida, eti. Ana taa mbili, moja ya joto na moja ya kumdanganya kwamba kuna jua. Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri, mimi niko nje gizani nakwaruza barafu kwenye kioo cha gari niende kazini, na yeye jua lake limechomoza ndani saa moja kamili. Chakula chake ni nyenje walio hai. Sisi tuliokuwa tunakimbizana na kumbikumbi mvua ikikatika, leo tunanunua wadudu kwenye boksi, tunawatia kwenye mfuko wenye unga wa chokaa, tunatikisa mpaka wawe weupe, ndipo bwana mkubwa ale mifupa yake isilegee. Wengine wakaponyoka wakaingia nyuma ya friji, na mpaka leo wanaimba. Juu ya hayo anataka sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, bila kijiti. Susan huyu ambaye sukuma wiki humliza machozi mezani, alikuwa anamkatia mjusi kila asubuhi kabla ya basi la shule. Jirani yetu Pascasie, Mkongomani, alipoona zile mboga aliniuliza kwa upole kama tunamnonesha kwa ajili ya Krismasi.

Tena anaogeshwa. Maji ya vuguvugu, yasipite viwiko vyake, dakika kumi na tano. Dada, mimi kazi yangu kule Saint Paul ni kuwaogesha wazee wa watu kutwa nzima, nawainua, nawageuza, nawasugua mgongo, kisha narudi nyumbani nakuta kuna mjusi kwenye beseni anasubiri taulo. Nilimdharau tangu siku ya kwanza na sikuficha. Jina lake wakati huo lilikuwa Pickles, yaani achari ya matango. Huo ndio upeo wa akili ya mtoto wa kizazi hiki nikimwachia kuchagua mwenyewe, na ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Katikati ya Januari akaacha kula. Alijichimbia kwenye kona chini ya gome la mti akafumba macho. Susan akalia siku mbili, ikabidi tumpeleke kwa daktari. Ndiyo, kuna daktari wa mijusi, ana vyeti vitatu ukutani na mizani ndogo ya kumpimia. Alimgeuza huku na huku, akatuambia kwa uso mkavu kwamba huyu si mgonjwa, amelala, ni usingizi wao wa msimu wa baridi, tusimlazimishe, ataamka mwenyewe siku yake ikifika, labda Februari. Nilitoka pale nikicheka peke yangu kwenye ngazi. Watu wazima wawili na mtoto tumeendesha gari kwenye theluji kwenda kuambiwa kwamba mjusi amelala.

Halafu tarehe mbili Februari ukanipigia kuhusu baba.

Unajua kwa nini sikuja. Nilikueleza, na sijui kama uliwaeleza wengine. Karatasi zetu zilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji, na ukitoka nchini kabla hawajajibu, basi, huruhusiwi kurudi tena. Niliwasikia ndugu zetu nyuma yako kwenye ile sauti ya juu, mmoja akisema Velma amechagua dola, mwingine akisema mwacheni Mzungu wetu. Nilikwenda kazini siku ile, na ya pili, na ya tatu, nikawaogesha baba za watu. Sikulia. Kina mama wa kanisa walikuja na chai na maandazi kunifariji, wakanikuta nina macho makavu, wakaondoka wakinong'onezana kwenye ukumbi. Niliwadharau na wao pia.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu mlimzika. Elkanah alimchukua Susan wakaenda kuogelea ili nipate utulivu, kana kwamba utulivu ndio niliokosa. Ilikuwa saa tatu asubuhi huku, kwenu jua linatua, nikajua mmeshamaliza kaburini na sasa mnakula. Susan alikuwa ameniachia karatasi mezani: tafadhali mama mjaribu na nyenje mmoja, leo ni siku ya ishirini na tisa. Nikachukua nyenje, nikaketi sakafuni mbele ya kile kioo.

Na hapa, dada, ndipo ninapotaka uketi chini kama umesimama.

Nilimshikia yule nyenje mdomoni. Hakufungua hata jicho. Nikakasirika. Nikamwambia, kwa lugha yetu, kwamba huyu sasa amekataa ziwa. Nilikuwa namdhihaki tu. Nikamfanyia vile nyanya Kageha alivyokuwa akiwafanyia watoto wachanga waliokataa kunyonya, akiwapakata na kuwaitia wafu wetu mmoja mmoja, mpaka mtoto anyamaze kwenye jina lake. Nikaanza kumwitia. Nikamwita nyanya Kageha mwenyewe. Kimya. Nikamwita shangazi Mbone. Kimya. Nikamwita mjomba Amugune aliyeanguka kwenye lori, na nikacheka, kwa sababu Amugune hangekosa mlo hata akiwa kaburini. Kisha mdomo wangu ukasema Solomon. Sikuwa nimeupangia.

Akafungua jicho moja. Akainamisha kichwa upande, akanitazama kwa lile jicho moja, vile baba alivyokuwa akimtazama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Akatoka chini ya gome polepole, akaja, akamchukua nyenje mkononi mwangu, akatafuna kwa upande mmoja wa mdomo kama baba baada ya kung'olewa yale magego.

Usiniambie kuhusu daktari. Nakumbuka alichosema. Alisema ataamka Februari na ilikuwa Februari. Najua. Lakini nililia, Dinah, nililia nikiwa nimelaza shavu kwenye kile kioo cha moto. Susan aliporudi na nywele mbichi alinikuta nikimlisha nyenje wa nne nikisema, kula, Solomon, kula, baba. Akaniuliza kwa Kiingereza Solomon ni nani. Ningeweza kumwambia. Nikamwambia ndilo jina jipya la mjusi, na asiulize zaidi.

Kwa hivyo aliyempa jina ni mimi. Susan hakulitupa jina la mtu. Alitii. Siku ile ya Pasaka alipomwinua mbele ya kamera ya simu, mkiwa mmejaa sebuleni, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba huyu ni Babu Solomon na anakula mdudu, neno babu aliliongeza mwenyewe. Unajua kwa nini? Kwa sababu nimemfundisha tangu akiwa mdogo kwamba mtu mzima hatajwi kwa jina kavu. Alikuwa anaonyesha adabu, na ninyi mkamwita asiye na adabu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika sufuria, nikasikia, nikanyamaza. Nimenyamaza tangu Pasaka. Aliniuliza kwa nini mama mkubwa Dinah hataki tena kuzungumza naye, nikamwambia mtandao wa huko ni mbaya. Nimewacheka Elkanah, na daktari, na pasta wenu, na kina mama wa maandazi, na wa kuchekwa hasa ni mwanamke mzima aliyejificha nyuma ya mtoto wa miaka kumi na moja.

Jina nimelirudisha. Alhamisi nilikaa tena pale sakafuni nikamweleza yule mjusi kwa lugha yetu, bila mzaha safari hii, kwamba alilipokea kwa mkopo, kwamba mwenyewe amezaliwa na analia. Kisha nikamwambia Susan ukweli wote, nikamwomba radhi. Aliniuliza kama babu alikuwa na ndevu kweli. Nikasema alikuwa nazo.

Nilidhani mjusi atagoma. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani agome, nikwambie ukweli. Jana asubuhi nikamwita Pickles, nikamnyooshea nyenje. Alikuja akala, bila shida yoyote, akarudi kwenye jiwe lake kutazama ukuta. Miezi saba nimemdharau mnyama huyu na hakuwahi kuniudhi kama alivyoniudhi jana.

Basi mpeni mtoto jina lake. Wazee waambie aliyekosa ni Velma, na Desemba atakayepiga magoti kaburini ni mimi, watu wakiona, nao wakitaka nisimame jua kali nitasimama. Karatasi zimetoka, hakuna wa kunizuia. Susan ataingia bomani akiwa ameshika mkono wako, hilo nakuomba kama mdogo wako. Na siku mtakayomwitia mtoto, unipigie, saa yoyote. Uweke ile sauti yako ya juu, sebule nzima isikie, na uisogeze simu karibu naye. Nataka kumsikia akinyamaza.

Elkanah anakusalimu, anasema magoti yapumzishe. Susan anakusalimu kwa heshima, ameandika jina lako mwenyewe juu ya bahasha, na kama ameweka herufi moja zaidi usimcheke. Msalimie shemeji, na binti yako umwambie ajitahidi kula uji mzito. Wengine wote waliouliza habari zangu kwa wema, wape salamu. Waliouliza kwa ubaya pia wape, nimechoka kuwahesabu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekosa,
Velma