Kimya cha Katikati ya Wimbo

Jumatano, 3 Julai 2024

Nimerudi kutoka mazoezini na hasira hadi nimesahau kununua dagaa. Leo kwaya imeuimba wimbo wangu, "Kuvuka", toka mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Sauti safi. Kisha tukafika kwenye kile kimya cha katikati — waimbaji wote wananyamaza, ngoma nayo inanyamaza, muda mrefu kuliko watu walivyozoea — na Nathaniel, kiongozi wa kwaya, akanyoosha mkono kwenye kinanda. Akabonyeza ule mdundo wake wa tayari! Sauti ya besi yote ikaanza kuyumba kama iko harusini.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Mwalimu, watu watadhani umeme umekatika."

Wakacheka wote. Nusura nami nicheke.

Nikamweleza tena. Mwaka sabini na mbili, tulipoikimbia Burundi kwa mtumbwi, usiku, kwenye Ziwa Tanganyika, watoto tuliambiwa hata kukohoa marufuku. Wimbo mzima upo kwa ajili ya kile kimya. Ukikijaza, umebaki na nini? Akasema yeye anaelewa, ila watu wa kawaida hawataelewa. Watu wa kawaida! Mama yake anauza nyanya sokoni Kirumba. Yeye ameacha kuwa wa kawaida lini?

Jumanne, 9 Julai

Winnie, binti anayeandaa tamasha la sanaa hapa mjini, amepanda hadi kwangu Ilemela. Alifika anahema. "Shikamoo, Mwalimu. Huu mlima wako unataka mbuzi!" Nikampa kiti na chai.

Amezisoma nota zangu. Amezisoma kweli — aliuliza kwa nini sauti ya pili inabaki chini ya ya kwanza hadi mwisho. Sijaulizwa swali kama hilo tangu nistaafu. Anataka "Kuvuka" iimbwe kwenye ukumbi wa hoteli moja huku ziwani, mbele ya waalikwa. Kinanda hakitaguswa. Kimya kitakuwa kimya. Nilifurahi, nisijidanganye.

Nikauliza: na familia za wanakwaya? Bernadeta, anayeimba peke yake mwanzoni, anataka kumleta mama mkwe wake.

Hapo akaanza kuzungusha maneno. Nafasi ni chache. Halafu, kusema kweli, watoto wanalia, simu zinaita, watu wanapiga vigelegele pasipotakiwa. "Kazi ya kina kama hii, Mwalimu, haipewi kila mtu."

Ni maneno ya Nathaniel yaleyale, yamevaa viatu tu. Mmoja anataka kuuharibu wimbo kwa sababu watu hawaelewi, mwingine anataka kuuficha kwa sababu hiyohiyo. Na hao watu, nani amewauliza?

Nimekataa. Kwa heshima. Nilipokuwa nasuuza vikombe nikajuta.

Ijumaa, 12 Julai

Nathaniel ametupatia uwanja Magu, kwenye sherehe za baada ya mavuno. Mwenyeji wetu ni Ngosha, mkuu wa kundi la ngoma linalocheza na chatu. Alikuja mazoezini mwenyewe na fimbo yake.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu.

Mimi si Msukuma, lakini "mama" hiyo nimeizoea. Nikaitika.

Akatoa sharti. Kwao makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, huku na huku uwanjani. Watu huhamia wanakopenda. Mwenye watu ndiye mshindi. "Sisi hatupigi makofi ya adabu, mayu. Asiyependa anahama."

"Na Mwalimu wetu ana nyoka gani?" Bernadeta akadakia. Kicheko!

Nimeishi huku karibu maisha yangu yote. Mashindano hayo nimeyaona. Najua ngoma zile husikika kijiji cha pili. Na bado nikasema, mbele ya kwaya nzima: "Tutakuja. Na kimya kitabaki."

Ngosha akanitazama. "Kimya? Mbele ya ngoma zangu?"

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 14 Julai

Nimejaribu kukifupisha kimya. Nimefuta, nimerudisha, nimefuta. Karatasi imetoboka. Nimerudisha.

Jumamosi, 20 Julai. Magu

Naandika hapahapa uwanjani, kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kwaya. Nikiacha kuandika nitaanza kuhesabu watu.

Kabla ya kuanza Nathaniel aliniinamia. Kinanda amekileta, kipo karibu na goti lake. "Mwalimu, sitakuvunjia heshima. Tukikaribia kimya nitakutazama. Ukiona watu wanaondoka, inua mkono tu, nabonyeza. Usipoinua, nanyamaza."

Winnie, ingawa nilimkatalia, amekuja na waalikwa wake kwa basi. Walikaa mbele kabisa. Bernadeta akaanza, sauti imetulia vizuri — na kule ng'ambo Ngosha akafungua sanduku la chatu. Wa kwanza kusimama? Waalikwa! Simu juu. Winnie akawafuata huku ameinama, kama anayetoka ibadani.

Waliobaki: kina mama wamekaa juu ya khanga, wazee kadhaa, watoto wanatafuna miwa. Mama mkwe wa Bernadeta amefunga macho. Anasikiliza au amelala? Mwanamume aliyekuwa nyuma yake amehama. Na mwingine.

Ngoma za Ngosha zinatetemesha kiti changu. Nilidhani nitazichukia. Lakini usiku ule pia ufukwe nyuma yetu haukunyamaza — mbwa, mayowe, milio ya risasi. Tulionyamaza ni sisi tu, ndani ya mtumbwi. Mbona hilo sikuliandika kwenye nota? Miaka yote nimekuwa nikidai ukumbi mtulivu!

Basi kimya kinawezekana hapa. Labda hapa tu. Lakini hawa waliobaki watajuaje? Wataona watu wazima wamesimama midomo imefungwa, na ng'ambo kuna nyoka. Kina mama wawili wameanza kukung'uta khanga zao.

Mstari wa mwisho kabla ya kimya. Nathaniel amegeuza shingo. Ananitazama. Kidole kiko juu ya kinanda.

Mkono mmoja una kalamu. Huu mwingine —