Sauti ya Elia Kutoka Mlimani

Mpendwa Manka,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Machame tu wazima. Ng'ombe amezaa, na magoti ya babu yako yamepata nafuu.

Unauliza kwa nini setilaiti yenu ya hali ya hewa, inayosikiliza unyevu wa mawingu, isumbuliwe na setilaiti za biashara, wakati kila moja ina masafa yake. Miaka ile stesheni binafsi za redio zilipoanza kufunguliwa, mimi nilikuwa kwenye redio ya mawasiliano ya waongozaji wa mlima. Asubuhi moja mwongozaji Elia aliita kutoka juu: "Mama, mpagazi wangu hapumui vizuri, tunashuka kwa njia ya..." Hapo muziki ukammeza. Mawimbi ya stesheni mpya ya mjini yalikuwa yanamwagikia kwenye masafa yetu.

Njia za kushuka ni nyingi. Machela niipeleke wapi? Nikapiga simu stesheni.

Fundi akajibu, "Mama, sisi tuna masafa yetu halali."

"Najua, baba. Zima dakika tano tu. Kuna mtu anakufa."

Muziki ukakatika. Nikamsikia Elia kwa mbali sana, bado anarudia: "Mweka, Mama. Mweka."

Nikatuma machela kwa njia hiyo ya Mweka, na mpagazi akapona. Kesho yake yule fundi alikuja, akaketi kando yangu akawasikiliza waongozaji redioni.

"Kumbe sauti zao ni ndogo hivi," akasema. Wiki hiyohiyo akafunga kichujio kwenye mtambo wake, kuzuia mawimbi yasimwagike nje ya masafa yake.

Waalike hao wa biashara, mjukuu wangu, waketi nanyi wasikilize.

Bibi yako,
Ndeshi