Simiti ya Wareno

Jumanne

Eti simiti! Miaka yote nimewaambia watu kwamba kile kijumba cha Bikira Maria kando ya barabara hapa Muthangari kilijengwa na Wareno miaka mia sita iliyopita, na hakuna aliyenibishia. Leo mpwa wangu Wambui amekikwaruza kwa ukucha.

"Ankol, Wareno walitoa wapi simiti?"

Nikacheka tu. Lakini kesho wapanuzi wa barabara wanakuja kuamua kama watakibomoa, na padri amenichagua mimi nieleze historia yake. Wakinishika na uongo, kimeenda.

Nitasema ukweli. Mama alikijenga kwa mikono yake niliposurika surua. Naogopa wataona ni jambo dogo. Wakiona hivyo, nitasimama mbele ya kijumba, na huyo dereva wao wa tingatinga atanijua mimi ni nani.