Chokaa Kwenye Maji Moto

Jumatatu, 4 Machi

Nimemkuta Mkuu wa maabara akinywa chai kwenye bika yangu, glasi ya kupimia kemikali. Bika! Juzi ilikuwa na unga wa jasi, ule wa plasta. Eti chai haina ladha leo. Nimeona kinyaa hata chakula cha mchana hakikupita.

Kazi yenyewe ni maji ya kisima cha pale hospitali, chumba cha kufulia. Wamenunua boila mpya, wanataka kujua mawe ya kisimani yanayeyuka kiasi gani maji yakiwa baridi, na kiasi gani yakiwa moto. Anayesimama mbele ya boila hiyo kutwa nzima ni shemeji, mume wa dada. Ya zamani bomba liliziba kwa chokaa, likapasuka, mwenzake akaungua uso. Kwa hiyo hii sipimi kwa mzaha.

Jumatano, 6 Machi

Nimechuja chupa zote zingali moto, vidole vimebabuka. Mchanga mweupe: moto ukizidi, unayeyuka zaidi. Jasi: inapanda kidogo, ikifika nyuzi arobaini inaanza kushuka. Jiwe la chokaa — kinyume kabisa! Nyuzi ishirini limeyeyuka vizuri. Nyuzi themanini, kidogo mno. Nimerudia mara tatu.

Maana yake chokaa ikiingia kwenye boila inayaacha maji na kuganda ndani ya mabomba. Lazima wafunge mtambo wa kuiondoa kabla ya kuwasha. Nimeandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu kacheka mpaka mate yakarukia karatasi zangu. Eti nimeandika juu chini. Eti hata mkewe anajua sukari inayeyuka kwenye chai ya moto. Nikamwambia chokaa si sukari. Akaniita mjuaji. Halafu, kwa kidole kile kile alichokuwa akichokonolea sikio, akafungua ukurasa na kugeuza namba zote za chokaa — mbele ya macho yangu! Ya themanini ikawa ya ishirini. Mtambo akaukata kwa mstari mmoja. Ptu!

Sikutia sahihi. Na sitatia.

Ijumaa, 8 Machi

Hajaniuliza habari ya sahihi. Kanisalimia kwa bashasha. Simwamini akiwa na bashasha.

Jumatatu, 11 Machi

Ripoti ilishapelekwa tangu Ijumaa! Karani kanionyesha fomu yangu ya likizo: ina tundu pale chini. Mkuu kaikata sahihi yangu kwa mkasi, kaibandika kwa gundi, katoa kopi. Nilikimbilia chooni nikatapika. Kutapika kweli. Nikatoka mbio bila kuaga mtu.

Sasa niko chumba cha boila. Shemeji kanipokea kwa mikono miwili. Wanawasha kesho asubuhi. Meneja alitaka kununua mtambo wa chokaa hata hivyo, kwa tahadhari tu — na aliyemzuia ni shemeji mwenyewe! Kaona sahihi yangu, kamwambia meneja huyu namjua, akisema kitu amekipima. Ripoti kaibandika ukutani, juu ya geji ya presha.

Sijamwambia. Kila nikianza ananikatiza kwa shukrani. Ametoka kunitafutia kiti, naandika nimesimama. Namsikia huko mlangoni anamwita mlinzi: njoo umwone shemeji yangu, ndiye aliyetupimia maji.