Jina Lako kwenye Rejista

Dada Nekesa,

Nakusihi, neno hata moja la barua hii lisimfikie mama. Akikuita, hata ndotoni, nyamaza. Amezeeka, na moyo wake hautayaweza haya.

Unakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Mountain View, meza ya kupigia pasi ikiwa ndiyo dawati letu? Mimi nilikariri nikitikisa kichwa, wewe ukaninyang'anya kitabu. "We Nafula, unameza kama kuku! Funga. Niambie kwa maneno yako." Niliposhindwa ulicheka, kisha ukaushika mkono wangu na kuuinua juu. "Sema hujaelewa. Kwani mkono utakatwa?"

Mengine yote ulinifundisha nikaweza: kusikiliza, kupanga muda, kuandika kitu mtu akakisoma. Kuinua mkono kulinishinda.

Ulikuwa umerudia darasa la sita ukanipata humo. Wiki moja baada ya kukuzika Bungoma, mwalimu mgeni aliita majina, akafika kwako. Watoto wote wakanigeukia. Nilipaswa kuinua mkono nimwambie umekufa. Badala yake nikajibu, "Niko." Akatia alama. Nilikujibia hadi muhula ukaisha, na hakuna mtoto aliyethubutu kunisemea kwa mwalimu.

Sasa mimi ni karani katika chuo kidogo katikati ya mji. Kazi yangu ni rejista. Muhula huu wameanzisha somo la stadi za maisha, na kwenye mstari wa mwisho wa rejista yake kuna majina yako yote matatu. Nilidhani ni mtu mwingine, mpaka nikafungua faili. Tarehe ya kuzaliwa ni yako. Mahali pa picha pana gundi iliyokauka tu.

Nilimuuliza mwalimu Kamau anayefundisha somo hilo, nikijifanya natania.

"Nekesa? Huyo ni moto! Jana ameniuliza maswali mpaka jasho likanitoka. Kwani ni sista yako? Mnafanana."

"Anakaa wapi?"

"Nyuma, kando ya dirisha. Mkono juu kila saa."

Napita mlango wa darasa hilo kila siku nikitazama sakafu. Jumanne, saa tano asubuhi, nilisikia kicheko humo ndani. Nilikijua, dada. Ndicho kilichonifuata kila nilipoficha kitabu mgongoni.

Ijumaa mkuu wa ofisi anataka nitie sahihi kwamba kila aliyeandikwa nimemwona kwa macho yangu. "Wacha kuogopa karatasi, Nafula. Weka sahihi twende lunch." Nisipotia, kazi imekwisha. Nikitia bila kukuona, nitakuwa nimekujibia tena.

Naogopa kukuta kiti kitupu. Naogopa pia kukuta kimekaliwa. Lakini leo nimeinua mkono mbele ya mkuu, kama mtoto, nikasema: "Sijaelewa huyu wa mwisho ni nani. Naomba niite majina mwenyewe kwanza." Ofisi nzima ilicheka. Amekubali.

Kwa hiyo ukitaka kunipata, njoo Ijumaa asubuhi. Usipige simu, na nyumbani usije, mama yuko. Lifti imeharibika, panda ngazi hadi ghorofa ya nne, mlango wa kijani. Kaa palepale kando ya dirisha. Nikifika mstari wa mwisho nitaita jina lako, kisha nitainua macho.

Usiseme "Niko." Neno hilo nililisema mimi, na siku hiyo sitakujibia. Kama kweli ni wewe, inua mkono.

Mdogo wako,
Nafula