Mitai ya Posa Yangu

Kasulu, Jumapili

Kaka Lukmani,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima huko Dar, na lile joto lenu halijawamaliza. Mimi ni mzima. Mama ni mzima kupita kiasi. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikishika simu Mama hukumbuka kitu cha kutafuta chumbani mwangu.

Umesikia kwamba Baba aligongwa na bodaboda. Hiyo ndiyo habari tuliyokubaliana kuitoa. Sasa soma ilivyokuwa.

Unakumbuka mwaka jana daktari alimwambia kisukari kitamwua asipobadilika. Baba, aliyekuwa akila biriani mpaka vifungo vya shati vinaomba radhi, alitii kama mtoto wa madrasa. Aliacha wali, akaacha soda na mitai, vile vitamu vyetu vya Kihindi. Esteri, mpishi wetu, akawa anampikia ugali wa mtama na mlenda kama wanavyokula kwao Muyama. Kila asubuhi alivaa raba akatembea barabara ya Kibondo mpaka kule mlimani na kurudi. Sukari ikashuka, tumbo likaisha, akaanza kuimba bafuni. Nilimpenda sana siku zile.

Kosa lake ni moja tu, kwamba alipona mbele za watu. Nani hapa mjini amewahi kumwona Mhindi mwenye duka na gari akienda kwa miguu kwa hiari yake? Bodaboda walisimama kumpa pole, wakimuuliza gari kamuuzia nani. Sokoni wakasema kafilisika. Wengine wakaitazama suruali inavyomning'inia, wakanong'ona ule ugonjwa mwingine. Uvumi haungoji basi. Ukafika Kibondo kwa Mzee Dadi, baba yake Khamisi mchumba wangu. Naye akamtuma mshenga kuuliza, kwa adabu zote, mzee wetu kapatwa na nini.

Tungesema kweli yakaisha. Mama akakataa katakata. Alisema aliyefilisika anaweza kupata tena, lakini nyumba yenye kisukari hakuna Mhindi atakayeposa binti humo. Wataniona mimi ni gunia lenye wadudu. Akaamua Baba anenepe kabla ya posa. Raba akazifungia kabatini, samli ikarudi, wali ukarudi, na vidonge akavificha wageni wasivione. Baba alimwambia kwamba akila vile ataanguka. Mama akamjibu kwamba aanguke, ila baada ya harusi. Nilikuwepo, kaka. Nilikuwa najaribu viatu.

Siku ya posa Baba alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, amekificha ndani ya kiatu cha ngozi. Mashavu yalikuwa yamerudi, na Mzee Dadi alifurahi kuyaona. Desturi yetu unaijua: wazee wawili hulishana mitai kwa mikono yao, ili undugu uanze na utamu. Lakini Mzee Dadi alikuwa ameomba chumba cha kuswalia na amekawia, nikatumwa kumwita. Nilibisha hodi nikaingia. Alikuwa amepandisha kanzu, anajichoma sindano ya insulini tumboni. Aliniomba, machozi yakimlengalenga, nisiseme kwa mtu, eti tukijua ana kisukari tutamnyima mwanawe mke.

Neno moja tu pale sebuleni, na wazee wote wawili wangekula matango wakacheka. Nikapiga hesabu yangu haraka. Mama ataaibika, posa itaahirishwa, wataanza kuulizana kuhusu babu na bibi, na mimi nina miaka thelathini na moja. Nikanyamaza. Sahani ya mitai niliibeba mwenyewe. Mzee Dadi akamtia Baba jalebi mdomoni, Baba akamtia ladu, wakaongezana, kila mmoja akijitahidi mwenzake asimdhanie ugonjwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba alinitazama mara moja, nami nikamsogezea sahani.

Hakumaliza wiki akalazwa. Kidonda kilikuwa kimeoza, wakamkata mguu chini ya goti.

Juzi moyo ulinishinda, nikamweleza pale kitandani habari ya ile sindano. Baba alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Alipotulia akaniuliza kama niliyajua hayo kabla ya kuleta sahani au baadaye. Nikamwambia kabla. Tangu siku ile Esteri ndiye anayemlisha. Mkononi mwangu hapokei hata maji.

Harusi iko palepale, mwezi ujao, Kibondo. Baba ataletwa kwa kiti cha magurudumu, nawe ukiulizwa sema bodaboda. Nisalimie wifi, nibusie watoto. Na kabla ya kuja kapime sukari huko huko Dar, ambako hakuna anayekujua. Mimi sijapima, na sitapima mpaka niolewe.

Wasalaam,
mdogo wako,
Asia