Kaptula za Wanawake wa Brakel

Brakel, 14 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na kile kikohozi cha vumbi la vitambaa? Sisi huku wazima, tena mimi nina furaha mpaka naona aibu. Baba, sikujua ndoa ni hivi! Wannes ananiletea kahawa kitandani, halafu anasahau kwenda kufungua duka. Anakaa tu ananitazama kama mtu aliyeshinda mbio ambazo hakujiandikishia. Jana alikuwa na grisi ya mnyororo shavuni, nikambusu hapohapo, nikashinda na doa puani, na kila mteja aliyeingia akacheka. Wacheke. Nimeolewa na ninampenda.

Najua bado umenuna. Nilikwambia naondoka kwenye karakana yako nikiwa na shela kichwani, ukaweka uma chini na hukugusa tena nyama. Lakini ningekwambia lini? Sasa nimeweka cherehani zangu nyuma ya duka la baiskeli la Wannes, na nashona kaptula za kuendeshea baiskeli za wanawake. Si kama zako, Baba. Wewe unachukua karatasi ya kukatia kitambaa, ya vipimo vya mwanamume, unaipunguza, unaongeza rangi ya waridi, basi. Mimi nimeanza na mwili wa mwanamke. Nyuma kuna sehemu inayofunguka, ili mtu akitaka kujisaidia kwenye mvua asilazimike kuvua koti, jezi na mikanda ya mabegani, abaki anatetemeka nyuma ya ua kama kuku aliyenyonyolewa.

Kitambaa ni cha nyuzi zilizotengenezwa kutoka nyavu kuukuu, jezi ni za sufu. Na uzi wa kushonea, Baba, uzi! Unavumilia jasho, matope na mvua, lakini ukichemshwa unaachia. Kaptula ikichakaa, unaitia kwenye maji ya moto, vipande vinaachana, kitambaa kinarudi kiwandani kikawe kitambaa tena. Hakuna kitakachotupwa jalalani.

Sasa sikiliza, nataka habari hii uisikie kutoka kwangu, si baani. Veerle, nahodha wa klabu ya wanawake ya hapa, ambayo umeivisha tangu mimi niko shule, ameniomba niwavishe kwenye mbio za sikukuu ya kijiji mwezi wa Juni. Baada ya hapo waendeshaji wenyewe watasema wanataka nguo za nani msimu ujao. Sina mteja mwingine. Nikiwakosa hawa, nafunga. Lakini siwakosi.

Mwanao,
Machteld


Deinze, 20 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni mgongo, na kikohozi kimenizoea.

Mwambie mumeo afungue duka. Mimi pia nilimtazama marehemu mama yako hivyo, mpaka mtoto wa kwanza alipoanza kulia. Mtoto mwenyewe ni wewe, na hujanyamaza mpaka leo.

Nguo inayofumuka majini, katika nchi yenye mvua kama hii! Umenivunja mbavu. Nimeshona kaptula miaka thelathini, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kunirudishia akilalamika. Hata mmoja, Machteld. Makalio ni makalio, na baiskeli haijui aliyeikalia.

Mimi nami nitapeleka maombi yangu kwa kamati ya klabu. Wewe ni damu yangu, lakini kwenye biashara sitakuonea huruma. Usile chipsi kila siku.

Baba yako


Brakel, 9 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, kwa sababu nataka ucheke vizuri.

Unamfahamu mama mkwe wangu, Godelieve. Mwanamke wa dhahabu. Kila kinachogusa ngozi anakichemsha: mashuka, taulo, soksi, hata vitambaa vya kufutia vikombe. Kwake yeye, kufua bila kuchemsha ni kulowanisha uchafu. Basi wasichana walikuwa wamezijaribu kaptula zote kwenye vilima vyetu vya barabara za mawe, zikarudi zimejaa matope, nikaziacha kwenye kapu. Nikatoka kwenda kuchukua sponji za kukalia, zile za kushonea ndani. Godelieve akaja kutusaidia.

Niliporudi, alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kufulia, ameshika kipande cha paja.

"Mwanangu, hii nguo gani? Nimeichemsha kidogo tu."

"Mama, hizo hazichemshwi!"

"Nguo ya makalio haichemshwi? Umelelewa wapi wewe?"

"Kwa baba yake, Achiel," Wannes akajibu kutoka dukani.

Baba, nilikaa sakafuni nikalia. Kaptula zote za klabu, vipande vitupu, kama mchezo wa watoto wa kuunganisha picha uliomwagwa. Wannes akapiga magoti, akaanza kuvipanga, mguu wa kushoto huku, wa kulia kule, akasema, "Mpenzi, walau tumehakikisha uzi unafanya kazi." Nikacheka na kamasi puani. Nani mwingine angenipenda hivyo?

Nikawaita wasichana niwaambie ukweli. Walikuja wote. Nikadhani watanifokea. Veerle akaokota kipande chake, akakigeuza, akasema polepole, "Kwa kuwa kimeshafumuka, naomba mshono huu usiurudishe hapa. Unanikata."

Kisha kila mmoja akafungua mdomo. Huyu unambana kinenani, yule sponji inamchuna akipanda mlima, mwingine ana kidonda kisichopona tangu majira ya baridi. Nami nilidhani nimeanza na mwili wa mwanamke! Nilikuwa nimeanza na mwili wangu tu. Kumbe hata mimi walikuwa wananionea haya.

Nikawauliza, "Na Baba yangu je? Mbona hamkumwambia miaka yote?"

Veerle akasema, "Nimwambie Achiel, na miwani yake puani, kwamba inanikata pale? Tulisema 'iko sawa, Bwana Achiel,' tukaenda kununua mafuta ya vidonda."

Ndiyo hiyo, Baba, miaka yako thelathini bila lalamiko.

Nilimpa kila mmoja chaki, akachora mwenyewe mshono upite wapi. Tunashona upya. Godelieve anapiga pasi, ya vuguvugu, namlinda. Mbio ni Jumapili. Njoo uone.

Mwanao,
Machteld


Deinze, 12 Juni

Machteld,

Habari za kaptula zako za kuchemsha zilinifikia baani kabla ya barua yako. Watu wamecheka mpaka bia ikawatokea puani. Mimi sikucheka. Jina lililochekwa ni langu pia.

Kamati imeamua haiwezi kusubiri ushone upya. Jana mwenyekiti alikubaliana nami. Nguo zangu zimeshapelekwa Brakel, na Jumapili wasichana watavaa hizo. Funga hicho kibanda. Rudi nyumbani, nitakupa meza yote ya kukatia uisimamie wewe. Wannes naye aje, mashine zangu zinahitaji fundi. Sisemi haya kwa ubaya.

Baba yako


Brakel, 13 Juni

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kuchekwa.

Sirudi. Tulikubaliana na Veerle kwamba waendeshaji ndio watakaosema, na mwenyekiti hajawahi kukalia baiskeli tangu aoe. Anakalia kiti cha baa. Mavazi ya kiti cha baa achague yeye.

Nimemwambia Wannes kwamba huenda tukafunga kabla ya majani kupukutika. Akaniuliza, "Leo tunashona au hatushoni?" Tunashona.

Machteld wako


Deinze, 18 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Mumeo hajambo? Mimi nina mafua, kwa sababu Jumapili nilisimama kwenye mvua pale Brakel, nyuma ya kibanda cha soseji. Hukuniona. Sikutaka unione.

Niliona nguo zangu. Zilikuwa zimekunjwa vizuri na kutundikwa kwenye kizuizi cha barabara, moja baada ya nyingine, rangi ya waridi mpaka kanisani. Na wasichana wako wamepanga mstari wakiwa na zile zako za kijivu. Nilimsikia mwenyekiti akisema, "Bila nguo za klabu hamwanzi!" Na yule Veerle akamjibu, "Basi anza wewe, Bwana Mwenyekiti. Kaptula ziko pale, chagua inayokutosha." Mwenye soseji alicheka mpaka akaunguza soseji yangu. Bendera ya kuanzia mbio ikateremshwa. Angefanya nini? Sikukuu bila mbio ni ulevi tu.

Hawakushinda. Alishinda msichana wa Ghent. Lakini niliona wawili wako wakiingia nyuma ya ua kujisaidia na kutoka, wakalipata kundi kabla halijapita kona, huku wa klabu nyingine bado anapigana na koti lake. Nikajiambia, sawa, hiyo ni hila nzuri.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Walipomaliza walishuka kwenye baiskeli wakatembea. Walitembea tu, Machteld, kama watu. Miaka yote nimetazama wanawake wakishuka wakiwa na nguo zangu, wanatembea kama bata, miguu kando kando. Nilidhani mwanamke akichoka ndivyo anavyotembea.

Jana mwenyekiti alinirudishia mzigo wangu. Wasichana wamesema wote kwa sauti moja: msimu ujao ni wako.

Sasa, nisikilize kama fundi kwa fundi. Niuzie karatasi zako za kukatia. Nina mashine, nina watu. Tutashona kwa maelfu, tutaandika jina la karakana yetu.

Baba yako


Brakel, 21 Juni

Baba yangu, Baba yangu mpendwa,

Shikamoo! Weka kitambaa cha sufu kifuani, unywe maziwa ya moto na asali. Nilisoma barua yako kwa sauti, nikafika kwenye bata nikashindwa, Wannes akaimalizia. Kisha akanizungusha katikati ya magurudumu tukaangusha rafu nzima ya pampu. Ninampenda, nakwambia! Na wewe nakupenda, mzee mkaidi uliyesimama kwenye mvua.

Karatasi siuzi.

Si kwako, si kwa yeyote. Ile mistari haikuchorwa na mimi, ilichorwa na wasichana wenyewe. Ukiichukua ukaandika jina lako juu yake, baada ya mwaka utaipunguza hapa, utainyoosha pale ili mashine iende haraka, na hakuna atakayekuambia. Watasema iko sawa, Bwana Achiel.

Ukitaka kushona hizi nguo, njoo Alhamisi. Veerle na wenzake watakuwepo. Utamuuliza kila mmoja inamuumiza wapi, na utanyamaza mpaka amalize kusema. Hutasema makalio ni makalio. Ukiweza, tutakata kitambaa pamoja.

Chakula cha mchana kipo, Godelieve anapika nyama kwa bia. Ukishindwa pia utakula. Ila karatasi hupati.

Binti yako,
Machteld